Stanislavski kwa mwanafunzi wa maigizo: ununue tafsiri ipi, uanze sura ya ngapi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akitumwa kutafuta "kitabu cha Stanislavski", hurudi na kimoja kati ya viwili, na mara nyingi hajui kwamba viko viwili. Cha kwanza ni An Actor Prepares, chembamba, kama kurasa 300, tafsiri ya Kiingereza ya Elizabeth Reynolds Hapgood iliyotoka New York mwaka 1936. Cha pili ni An Actor's Work, tofali la kurasa zinazokaribia 700, tafsiri ya Jean Benedetti iliyotolewa na Routledge mwaka 2008. Mwandishi ni yuleyule, Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Moscow, na darasa linalosimuliwa ndani ni lilelile. Ila kwa anayesoma ili kesho apande jukwaani, vitabu hivi vinampeleka njia mbili tofauti, na panapowatenganisha zaidi ni kwenye msamiati.

Unene una sababu yake. Stanislavski alipanga mafunzo ya miaka miwili: mwaka wa kwanza mambo ya ndani, yaani ubunifu, umakini na hisia, mwaka wa pili sauti, matamshi, mwili na mwendo. Hapgood alitafsiri mwaka wa kwanza na kuufupisha. Toleo la Kirusi, refu kuliko lake, lilitoka mwaka 1938, mwaka aliofariki mwandishi. Mwaka wa pili ulimfikia msomaji wa Kiingereza mwaka 1949, katika juzuu nyingine. Kwa miaka 13, basi, watu walishika nusu ya mafunzo wakadhani wameyamaliza. Madhara yake yanaonekana hadi leo: mwigizaji anayehisi kweli, machozi yanamtiririka, na mstari wa tatu wa viti hausikii hata neno. Benedetti ameziweka nusu zote mbili ndani ya jalada moja, na kwa anayeigiza kwenye ukumbi usio na maikrofoni hilo peke yake linatosha kumfanya achague tofali.

Kitabu kimeandikwa kama shajara ya mwanafunzi aitwaye Kostya. Mwalimu wake, Tortsov, anatoa zoezi, wanafunzi wanaliharibu, anawaonyesha walipokosea, wanalirudia. Ubaya wa mtindo huu ni kwamba Tortsov hakosei hata siku moja, na baada ya kurasa mia mbili unatamani mtu amgomee. Uzuri wake ni kwamba makosa yanaonyeshwa yakitendeka, na ni makosa yaleyale ya madarasa yetu.

Zoezi la kulitazama kwa karibu ni la bruchi, pambo la kuchomeka kwenye nguo, katika sura ya tatu, inayohusu tendo. Maria anaambiwa hana ada ya chuo. Rafiki yake amemsaidia bruchi yenye vito, akaichomeka kwenye mkunjo wa pazia la jukwaa, akaitafute. Maria anakimbia huku na huku, anashika kichwa, anajipiga kifua, anashuka akiwa na furaha ya mtu aliyeigiza vizuri. Tortsov anamuuliza: bruchi iko wapi? Alisahau kuitafuta. Anarudishwa, na safari hii anaambiwa asipoipata, chuoni basi. Sasa anakagua pazia mkunjo kwa mkunjo, polepole, na waliokaa chini wanashindwa kuondoa macho. Fundisho liko hapo: mara ya kwanza aliigiza huzuni, mara ya pili alitafuta kitu.

Ukilifanya darasani, ficha kitu kidogo kweli, sindano au sarafu ya shilingi mia, na usimwambie mtafutaji kama kipo au hakipo. Mpe dakika tatu. Linaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mtafutaji anakijua kilipo, kwa hiyo anaigiza kutokijua. Ya pili, wenzake wanacheka mapema, naye anaanza kuwachekesha. Likiharibika, usimpe maelezo ya hisia. Mwongezee ugumu wa kazi yenyewe, kwa mfano atafute kwa mkono mmoja.

Tukija kwenye msamiati, Stanislavski alitumia maneno ya kawaida kabisa ya Kirusi. Sehemu za igizo aliziita "kuski", vipande, kama vya mkate au nyama. Kila kipande kina "zadacha", neno ambalo Mrusi hulitumia pia kwa swali la hesabu. Hapgood akaligeuza kuwa "objective", nasi tukalipokea kama "lengo". Benedetti amerudi kwenye "task", kazi. Mtu anaweza kuona ni ubishi wa wanaisimu. Lakini jaribu kumwambia mwanafunzi "lengo lako ni nini hapa?" Atakujibu kwa nomino: upendo, heshima, kulipiza kisasi, haki. Vyote vizuri kwenye insha ya fasihi, na hakuna hata kimoja mwili unachoweza kukifanya saa mbili usiku mbele ya watu. Swali la hesabu halikuachi ulihisi tu, linataka ulitatue.

Katika sura ya saba Stanislavski anasisitiza kazi itajwe kwa kitenzi, na ielekezwe kwa mwigizaji mwenzako, si kwa watazamaji. Kiingereza kinahitaji maelezo marefu kuyafikisha hayo. Kiswahili kinayo tayari ndani ya kitenzi kimoja, na hili hakuna mtafsiri angeweza kukwambia. Andika pembeni ya mswada kitenzi cha umbo hili: nimlainishe, nimtishe, nimbembeleze, nimtahayarishe, nimzibe mdomo. "Ni-" ni wewe. "-m-" ni mwenzako, na ukimsahau kitenzi hakikamiliki. "-e" ya mwisho inabeba "nataka". Kanuni nzima ya sura ya saba imeingia kwenye neno moja, na penseli inalimaliza kwa sekunde tatu.

Kwa msingi huohuo, vitenzi vya hali havifai. Kukasirika, kusikitika, kufadhaika, kuhuzunika: vimeishia "-ika", vinasema kilichompata mtu, si anachofanya. Kasirika inaigizwa kwa kukunja uso. Kumkasirisha kunamtaka mwigizaji achague njia, kisha amwangalie mwenzake kama imefanya kazi. (Usiifanye sheria ya chuma, kuandika na kuzika navyo vimeishia hivyohivyo na ni vitendo kamili.) Vya "-ana" navyo vina mtego. Waigizaji wawili wakiandika "tunagombana", kila mmoja anajificha nyuma ya mwingine. Nani anamchokoza nani, ili apate nini? Vitenzi vya kuwaangalia zaidi ni vile vyenye "-m-" lakini bado ni hali: kumpenda, kumchukia, kumwonea wivu. Jaribio lake ni rahisi: ukimtazama mwenzako usoni, utajuaje umefanikiwa? Kumchekesha, utajua. Kumpenda, hutajua.

Chukua mazungumzo haya mafupi.

KIJANA: Shikamoo, mjomba.
MJOMBA: Marahaba. Umekuja na mvua.
KIJANA: Hata sijalowa sana.
MJOMBA: Chai ipo hapo.
KIJANA: Nitakunywa. Mjomba, shule wamefungua.
MJOMBA: Nimesikia. Na mbolea nayo imepanda bei.

Mistari sita, vipande viwili. Cha kwanza kinaishia kwenye "nitakunywa". Cha pili kinaanza pale kijana anapovuta pumzi na kusema "mjomba". Chora mstari wa penseli katikati ya maneno hayo, ndani ya mstari wa mhusika, maana kipande hakifuati lazima mwisho wa sentensi. Kijana, kipande cha kwanza: nimlainishe. Cha pili: nimbane. Mjomba, cha kwanza: nimchunguze. Cha pili: nimkatishe tamaa kabla hajaomba. Fedha haijatajwa hata mara moja, na mbolea haina uhusiano wowote na mvua wala chai. Kitabu kinatumia kurasa nyingi kueleza maana inayopita chini ya maneno. Msomaji aliyekulia penye vijembe na mafumbo, aliyewahi kuona kanga ikivaliwa ili jirani aisome, ataruka kurasa kadhaa bila hasara.

Kosa la kawaida kwenye mazungumzo haya ni kijana kuingia na sura ya njaa tangu "shikamoo". Akishaonyesha shida mapema, mjomba hana cha kuchunguza, na kipande cha pili hakizaliki. Kosa la pili ni chai. Kikombe kikiwa tupu, mkono hukiinua kama karatasi. Tia maji ya moto, yajae robo tatu, na kazi ya kutojiunguza itamtuliza mwigizaji kuliko maneno ya mwongozaji.

Idadi ya vipande nayo ina maradhi yake. Kuna anayeukata ukurasa vipande kumi na tano kisha anashindwa kuvikumbuka. Kitabu kinamwonya kwa mfano wa njia ya meli: nahodha haongozwi na kila jiwe la chini ya maji, huongozwa na maboya makubwa yanayoonyesha mkondo. Kwa onyesho la dakika kumi, vipande vinne hadi sita vinatosha. Wakati wa mazoezi vikate vidogo zaidi. Karibu na siku ya onyesho viunganishe tena.

Kiswahili kinatangulia mahali pengine pia. Nguzo ya kitabu ni ile inayojulikana kama "kama" ya miujiza: mwigizaji haambiwi aamini kwamba yeye ni mfalme, anaulizwa angefanya nini kama angekuwa mfalme. Kwa Kiswahili jina hilo ni zito bila sababu, maana silabi "-nge-" inatosha. Ningefanya nini? Tahadhari moja: uliza ningefanya, usiulize ningehisi. Na epuka "-ngali-", inayofunga mlango: ningalifanya ni jambo lililokwisha pita, halina mazoezi. Zoezi la kitabu ni la mwendawazimu nyuma ya mlango. Mpangaji wa zamani aliyeugua akili ametoroka hospitalini, sasa yuko nje ya mlango wa chumba mlichomo. Mngefanya nini? Wanafunzi wanaoanza na woga hujikusanya kona moja na kutetemeka. Wanaoanza na "ningefanya" huenda kwenye kitasa, husogeza meza, hutafuta dirisha, na woga huwakuta wakiwa kazini.

Pamoja na "-nge-" huja maswali ya hali mlizopewa na igizo: nani, lini, wapi, kwa nini, ili iweje, vipi. Mengi ya madarasa huchanganya la nne na la tano. "Kwa nini" linatazama nyuma: kijana amekuja kwa sababu baba amefariki na ada haijalipwa. "Ili iweje" linatazama mbele: ili Jumatatu awe darasani. La nyuma humpa mwigizaji uzito, la mbele humpa mwendo, na mwigizaji mwenye la nyuma tu hukaa jukwaani akilia.

Sura ya sita, ya kulegeza misuli, ni fupi na ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Tortsov anamtaka mwanafunzi ainue pembe ya piano, na akiwa ameishikilia hivyo azidishe 37 kwa 9. Hawezi, mpaka ashushe. Huna piano? Pembe ya meza nzito ya darasani inatosha, au jozi ya ndoo za lita 20 zilizojaa. Jibu ni 333, na kichwa kinacholijua kikiwa kimepumzika hukwama kabisa mwili ukikaza. Hivyo ndivyo mistari inavyopotea siku ya kwanza ya onyesho: misuli imekaza, na kumbukumbu haipitiki.

Tiba anayoitoa ni kumfuga mkaguzi wa ndani. Lala chali sakafuni, anza na vidole vya miguu ukipanda: mashavu ya miguu, mapaja, makalio, mgongo wa chini, mabega, shingo, taya, ulimi, paji la uso. Mahali palipokaza, kaza zaidi kwa sekunde tano kisha achia. Kisha simama na ufanye vivyo hivyo, maana kulegea ukiwa umelala hakuna anayeshindwa. Anatoa mfano wa mtoto au paka aliyelazwa mchangani: mwili wote huacha alama, ilhali mtu mzima huacha alama ya mabega na makalio tu. Mwenye ufukwe karibu ajaribu wakati mchanga una unyevu. Kwa waigizaji wetu taya na ncha ya ulimi ndiyo maficho makubwa ya mkazo. Ikikaza, "th" na "dh" huwa za kwanza kufa, na dhambi inasikika zambi hata kwa msemaji mzuri.

Umakini, katika sura ya tano, unafundishwa kwa taa. Duara dogo ni mwanga wa taa ya mezani: mikono yako na kilicho mbele yake. La kati ni eneo la watu wachache na samani. Kubwa ni chumba kizima. Ukipotea kwenye kubwa, rudi dogo. Tochi ya simu iliyoning'inizwa juu ya meza gizani inafanya kazi hiyohiyo. Zoezi huharibika mwanafunzi anapokodolea macho kitu hadi yanakuwa ya kioo. Mpe sababu ya kukitazama. Noti ya shilingi elfu kumi, je, ni halali? Macho yanarudi uhai papo hapo.

Hapa ndipo kitabu kinapowaacha wengi wetu njiani. Kinamfundisha mwigizaji kuwa peke yake mbele ya watu, na watu wenyewe wamekaa kimya gizani. Kwenye vichekesho, kwenye ukumbi wa jamii chini ya mwembe, hadhira hujibu, humwonya mhusika, humtaja kwa jina. Kuwapuuza ni utovu wa adabu, na kuwajibu kila mara kunauua mchezo. Kinachofanya kazi ni kushikilia kitenzi chako huku ukiacha kelele ipite: simama kwenye tendo lilelile, usirudie kichekesho, na useme mstari unaofuata kicheko kinapoanza kushuka, kabla hakijaisha. Hayo hayamo katika tafsiri yoyote kati ya mbili.

Kumbukumbu ya hisia, sura ya tisa, ndiyo iliyokipa kitabu sifa, na ndiyo ya kuisoma mwisho. Wazo lilitokana na mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot: hisia ya zamani inaweza kuamshwa kwa kukumbuka kilichoonwa, kilichosikiwa, kilichonuswa. Lee Strasberg aliifanya kitovu cha mafunzo yake Marekani. Stanislavski mwenyewe, kufikia miaka ya 1930, alikuwa ameweka mkazo kwenye matendo ya mwili, na mwigizaji Mmarekani Stella Adler aliyekutana naye Paris mwaka 1934 alirudi New York akisema hivyo kwa sauti kubwa.

Ukiifanya, usiuite msiba wenyewe. Chukua tukio lililopoa, la miaka kadhaa, kisha tafuta vitu vyake: harufu ya ubani, ukwaruzo wa mkeka chini ya goti, mlio wa sufuria uani. Dakika tano zinatosha. Umalize kwa kazi ya mikono, kufagia jukwaa au kupanga viti, kabla ya kutoka nje ya darasa. Anayechimba msiba wa mwezi uliopita ili alie kwenye onyesho atapata machozi siku ya kwanza, siku ya pili atapata kooni kumebana na sauti imekwama, na siku ya tatu hatapata chochote. Mwongozaji anayemlazimisha mwanafunzi kufanya hivyo hajaelewa sura, hata kama anaitaja kwa namba.

Sura za kumi hadi kumi na nne zina mengi ya kurudiarudia, na Benedetti kwa uaminifu wake amerudisha marudio ambayo Hapgood aliyafyeka. Hilo ndilo jambo pekee ambalo tafsiri ya zamani inaishinda mpya: mkasi wake. Kiingereza chake, hata hivyo, kina uzito wa kikanisa ambao kwa msomaji wa lugha ya tatu unachosha, wakati Benedetti anaongea kama mwalimu aliyesimama darasani.

Sura ya kumi na tano haifai kurukwa. Inauliza kazi kuu ya igizo zima, na uzi wa matendo unaopita kwenye kila kipande kuelekea huko. Kijana wetu: vipande vyake vyote, nimlainishe, nimbane, na vitakavyofuata, vinaning'inia kwenye uzi mmoja, labda "nisome hata wakinikatalia". Kipande kisichoingia kwenye uzi huo ama umekisoma vibaya, ama mwandishi wa igizo amekitia kwa ajili ya kucheka, na mwongozaji aambiwe.

Mwenye uwezo wa kununua kimoja anunue tofali la 2008, na kikundi cha watu sita kinaweza kuchanga na kugawana sura bila kuumia, kwa kuwa hakisomwi mfululizo. Mpangilio unaofaa ni 3, 6, 7, 5, 4, kisha 15, halafu sura za sauti na matamshi za mwaka wa pili, na 9 mwishoni. Namba hizi ni za tafsiri ya Hapgood. Mwaka wa kwanza wa Benedetti unafuata mpangilio uleule wa mada, kwa hiyo mwenye hiyo atafute kwa kichwa cha sura. Aliyekwisha nunua chembamba asikitupe. Ashike penseli, na kila anapokutana na "objective" aandike juu yake kitenzi chenye "ni-", "-m-" na "-e".